Kiitaliano cha Kila Siku: Mwalimu Awajibu Wasomaji wa Malindi na Lamu

Tangu tulipotangaza kwamba ukurasa huu utapokea maswali kuhusu lugha ya Kiitaliano, barua zimetufikia kutoka Malindi mjini, Watamu, Ngomeni na hata Lamu, na nyingi zimeandikwa na watu ambao riziki yao huwakutanisha na Waitaliano kila siku. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, zilizokuwa ndefu tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi. Maneno ya Kiitaliano yameandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika, na pale matamshi yanapoweza kumpoteza msomaji tumeyaonyesha kwa tahajia ya Kiswahili.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninahudumu katika mkahawa mmoja hapa Watamu. Neno la kwanza nililojifunza ni “ciao”, nami humsalimia nalo kila mteja anayeingia. Vijana huitikia kwa furaha, lakini watu wazima wengine hunitazama tu, kisha wakafungua orodha ya vyakula bila kusema neno. Kasoro iko wapi? (Mhudumu, Watamu)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Neno lenyewe ni sahihi, ila si la kila mtu. “Ciao” (chao) ni salamu ya watu waliozoeana, yaani marafiki, ndugu, vijana wa rika moja, na mtoto anayesalimiwa na mkubwa. Mzee asiyekujua ukimwambia “ciao” mnapoonana mara ya kwanza, anasikia kile ambacho babu yako angesikia kama ungemwingilia chumbani na kumwambia “mambo”. Hatakugombeza, kwa kuwa anajua wewe ni mgeni katika lugha yake, lakini hataona kwamba umemheshimu.

Tangu asubuhi sema “buongiorno” (buonjorno). Kuanzia alasiri, na katika sehemu nyingine za Italia mara tu baada ya chakula cha mchana, salamu hugeuka kuwa “buonasera”, nayo huendelea mpaka usiku. “Buonanotte” si salamu ya kumpokea mtu hata kama ameingia saa nne za usiku. Hiyo humwambii mtu ila anapokwenda kulala, kama vile sisi tusivyompokea mgeni mlangoni kwa “lala salama”. Ukiwa na shaka ya saa au ya umri wa mteja, lipo neno la katikati, “salve”, ambalo halimkosei mtu. Anapoondoka, mwambie “arrivederci” (arivederchi, na hizo r mbili uzikaze).

Jambo la pili ni kubwa kuliko salamu, na ndilo ninalotaka kila mhudumu wa Pwani alishike kabla ya kukariri majina ya vyakula. Kiitaliano kina “wewe” mbili. “Tu” ni ya aliyezoeleka, na “Lei” (lei) ni ya heshima. Ajabu yake ni kwamba “lei” kwa kawaida maana yake ni “yeye” wa kike, kwa hiyo mtu anayeheshimiwa, awe mwanamume au mwanamke, husemeshwa kama kwamba anasemwa mtu wa tatu: humuulizi “unataka?” bali “anataka?”. Ndiyo maana “habari yako” kwa rafiki ni “come stai?” na kwa mgeni wa heshima ni “come sta?”. Kumwita rafiki akusikilize utasema “scusa”. Kwa mteja utasema “scusi”. Kumkaribisha kiti sema “si accomodi”, na kumuuliza anachotaka sema “desidera?”, neno moja tu, nalo linatosha.

Ipo njia nyepesi kwa mhudumu, nayo ni wingi. Wateja wakiwa wawili au zaidi, tofauti ya “tu” na “Lei” katika mazungumzo ya kawaida hutoweka, wote huwa “voi”, na utauliza “cosa prendete?”, yaani mtachukua nini, bila hofu ya kumkosea yeyote. Mteja akikuzoea atakwambia mwenyewe, “dammi del tu”, akimaanisha kwamba umsemeshe kwa “tu”. Mngoje aseme, ruhusa hiyo hutoka kwa mkubwa.

Kuhusu wale vijana wa ufuoni wanaowarushia wanawake “ciao bella” kutwa nzima, sitaki uwaige. Mwanamke wa Kiitaliano aliyekuja na mumewe na watoto haoni kwamba amesifiwa. Anaona kwamba anasumbuliwa.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, nilisoma chuoni, yaani madrasa, kisha shule ya msingi. Mjukuu wangu aniambia kwamba Kiitaliano ni chepesi kwa Mswahili kuliko kilivyo kwa Mwingereza. Ni kweli, au ananitia moyo tu? (Mzee wa Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Mjukuu wako amesema kweli kwa sehemu kubwa, na nitaanza na sauti kwa sababu hapo ndipo mtu husikika kuwa anajua au hajui. Maneno ya Kiitaliano, kama yetu, karibu yote huishia kwa irabu, na irabu zao huandikwa kwa herufi zilezile tano, tena kila moja husomwa wazi bila kumezwa. Mkazo wa neno mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Sauti wanayoiandika “gn”, inayowachosha Waingereza, ni “ny” yetu: “gnocchi” husomwa nyoki, na aliyezoea kutamka nyoka na nyota hana la kujifunza hapo.

Pa kutega sikio ni herufi c na h, maana kwao “chi” husomwa ki na “ci” husomwa chi, kinyume kabisa cha tulivyozoea. “Chiave”, ufunguo, ni kiave. “Cibo”, chakula, ni chibo. “Bruschetta” inayoandikwa katika kila ubao wa mkahawa Malindi ni brusketta, si brushetta. “Pesce” (peshe) ni samaki, na “pesche” (peske) ni matunda ya mapichi, basi mpishi asiyejali h anaweza kuahidi samaki akaulizwa kama ameiva mtini. Kanuni hiyohiyo huiendesha g: mbele ya e na i husomwa j, na ndiyo sababu Mtaliano aliyeteremka jana anaposoma kibao cha magofu yetu ya Gede huuliza njia ya kwenda “Jede”. Nayo h peke yake haitamkwi, ndipo “hodi” ikageuka “odi” kinywani mwao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe, mzee wangu, umewatangulia wengi. Kiitaliano huandika konsonanti mbili pamoja na kuzikaza kweli: “nonno” ni babu, lakini “nono” ni wa tisa, “cappello” ni kofia, “capello” ni unywele, “palla” ni mpira, “pala” ni sepetu, “sonno” ni usingizi, “sono” ni “mimi ni”. Vijana wetu waliosoma Kiingereza tu hawaisikii tofauti hii, lakini aliyesoma chuoni anaijua shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi, tangu utotoni, na akiikaza n ya “nonno” kama anavyoikaza herufi yenye shadda anapokisoma kisomo, ataitoa sawasawa. Hili si la mapambo. Umri husemwa kwa neno “anni”, miaka, na n mojawapo ikipotea neno linakuwa la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya watu. Na “penne”, zile tambi fupi zenye tundu, zina aibu ya namna hiyohiyo. Wahudumu wa kike hasa nawasihi waikaze hiyo n.

Katika sarufi nako kuna milango iliyokwisha kufunguliwa. Mwingereza husema yeye “ni mwenye njaa” na umri wake “ni” miaka kadhaa, lakini Mtaliano husema “ho fame”, nina njaa; “ho sete”, nina kiu; “ho sonno”, nina usingizi; “ho sessant'anni”, nina miaka sitini. Ni “kuwa na” yetu tupu. Kitenzi chao hubeba mtenda ndani yake, kwa hiyo “parlo” ni nasema na “parliamo” ni twasema, bila haja ya kutanguliza “mimi” wala “sisi”. Tofauti ni kwamba sisi tunamtambulisha mtenda mwanzoni mwa neno, wao mwishoni. Sifa nayo mara nyingi hufuata jina na kukubaliana nalo: “ragazzo alto” ni mvulana mrefu, “ragazza alta” msichana mrefu, “ragazzi alti” wavulana warefu, “ragazze alte” wasichana warefu. Aliyekuzwa na ngeli zetu zote hawezi kuogopa lugha yenye jinsia mbili.

Ugumu upo, nisikufiche. Jinsia ya jina haina sababu unayoweza kuikisia kila mara: mkono ni “la mano”, wa kike ingawa unaishia na o, na tatizo ni “il problema”, la kiume ingawa linaishia na a. Kila jina lijifunze pamoja na kitangulizi chake, “il”, “lo” au “la”, wala usiliache litembee peke yake. Na vitenzi vinavyotumika zaidi ndivyo visivyofuata kanuni.

SWALI: Nina programu ya bure kwenye simu inayofundisha Kiitaliano kwa Kiingereza. Nimeitumia kwa miezi, najua kusema kwamba tumbili anakula tufaha, lakini mgeni akiniuliza njia siwezi kumjibu. Niendelee nayo? (Dereva wa tuktuk, Malindi)

JIBU: Endelea nayo kwa ajili ya kusikiliza sauti, lakini usiifanye kuwa mwalimu wako. Programu hiyo ilitungwa kwa mtu anayefikiri kwa Kiingereza, na kila sentensi unaivukisha mito miwili kabla haijafika kinywani. Andika kwa Kiswahili maneno ambayo wewe mwenyewe huyasema kwa abiria toka asubuhi hadi jioni, yaani twende wapi, ni mbali, ni karibu, shika hapa, ngoja kidogo, nitakurudia saa fulani, kisha utafute Kiitaliano chake: “dove andiamo?”, “è lontano”, “è vicino” (vichino), “si tenga qui”, “un attimo”, “torno alle…”. Kulia ni “a destra”, kushoto “a sinistra”, moja kwa moja “sempre dritto”. Na tahadhari moja ya kazi yako: “moto” kwao ni pikipiki. Abiria akiuliza “dov'è la moto?” hakuna kinachoungua.

SWALI: Mwalimu, mimi ni nahodha wa boti inayowapeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari. Nilipatana na familia ya Kiitaliano tung'oe nanga saa mbili asubuhi, nikawaambia “alle due”. Walitokea saa nane mchana wamebeba taulo zao, maji yamekwisha kujaa na matumbawe hayaonekani. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa hana ahadi. (Nahodha, Malindi)

JIBU: Nahodha wangu, wao walikuja kwa wakati waliopewa. Saa ya Mtaliano huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri, si alfajiri na magharibi, kwa hiyo “alle due” bila neno la ziada huwa ni saa nane yetu. Saa mbili asubuhi ni “alle otto”. Chukua saa yako ya Kiswahili ya asubuhi uiongeze sita: saa moja ni “le sette”, saa tatu ni “le nove”, saa nne ni “le dieci”. Saa sita ya mchana ina jina lake, “mezzogiorno”, na saa sita ya usiku ni “mezzanotte”. Mchana ndipo penye mchanganyiko, maana Mtaliano hupenda kuhesabu mpaka ishirini na nne anapoweka miadi. Saa tisa alasiri utaisikia ikiitwa “le tre” na vilevile “le quindici”, kumi na tano.

Jambo moja litakufurahisha. Nusu ni “e mezza”, robo ni “e un quarto”, na kasorobo husemwa kama sisi tunavyoisema, kwa kutaja saa ijayo na kupunguza: saa tatu kasorobo ni “le nove meno un quarto”. Siku nazo zinalingana na zetu vizuri kuliko za Kiingereza, kwa sababu kesho kutwa ina neno moja, “dopodomani”, na juzi ni “l'altro ieri”. Basi ahadi kamili ya nahodha ni hii: “domani mattina alle otto”, kesho asubuhi saa mbili, na unaposema nyoosha kidole kwenye saa ya mkononi au uiandike 8:00. Ukiongeza “c'è bassa marea”, yaani maji yamekupwa, ataelewa kwamba wakati huo haukuupanga wewe. Maji yakijaa ni “alta marea”.

Mkishaingia majini utahitaji maneno machache ya usalama, na kwa kuwa unasema na kundi tumia wingi: “sedetevi”, kaeni, “tenetevi forte”, shikilieni kwa nguvu, “non toccate i coralli”, msiguse matumbawe, “attenti ai ricci”, jihadharini na wale viumbe wa mwambani wenye miiba mirefu myeusi. Neno “ancora” lina mikazo miwili: ukikaza mwanzo, ÀN-kora, ni nanga, ukikaza katikati, an-KO-ra, ni “bado” au “tena”. Mteja anayepaza sauti “ancora, ancora!” akiwa majini hataki uteremshe nanga, anataka aendelee kuogelea.

Umeniuliza pia, katika sehemu niliyoifupisha, kuhusu bei. Elfu ni “mille”, lakini zikizidi moja inageuka “mila”: “duemila”, “tremila”. Sitini ni “sessanta” na sabini ni “settanta”, nazo hupotezana katika kelele za mashine, basi zionyeshe kwa vidole. Kwenye ubao wako usiandike 1,500 kwa mkato. Waitaliano hutenga elfu kwa nukta na sehemu za desimali kwa mkato, kwa hiyo asiyejua desturi yetu anaweza kuisoma hiyo kuwa ni moja na nusu. Andika 1500, bila alama yoyote, na ubishi hautakuwapo.

SWALI: Mimi ni mpishi katika nyumba ya wazee wawili wa Kiitaliano upande wa Casuarina. Tunaheshimiana, lakini mambo yananitatiza. Sijui kubisha hodi kwao, sijui kukataa kuonja nyama ya nguruwe bila kuwaudhi, na sijui kuwapa pole. Tena mama wa nyumba alisema maji ni “caldo”, nikamletea ya moto zaidi nikidhani anayaona ya baridi. (Mama Mpishi, Malindi)

JIBU: Dada yangu, hodi yao ipo, nayo ni nzuri. Unaposimama mlangoni, hata kama umeachwa wazi, sema “permesso?”, yaani naomba ruhusa, na utajibiwa “avanti”, karibu ndani. Waitaliano wenyewe husema hivyo wanapoingia nyumba za watu, na mgeni akilisema hujulikana mara moja kuwa amelelewa. “Karibu” ya kumjibu anayeshukuru ni “prego”, na hiyohiyo “prego” ukiisema huku ukinyoosha mkono kuelekea kiti huwa ni karibu kuketi, na ukiisema kwa sauti ya kuuliza maana yake hukusikia vizuri na unaomba arudie. Mama wa nyumba mwite “signora” (sinyora) na mume wake “signore”.

Kuhusu nguruwe, sema wazi mara moja, na mapema: “sono musulmana, non mangio maiale” (mayale). Wanaielewa sababu hiyo na hawaudhiki. Kinachowaudhi ni mtu anayekubali kwa mdomo kisha akatupa chakula. Shida yako kubwa zaidi ni kwamba nguruwe huja kwa majina mengine: “prosciutto” (proshutto), “pancetta” (panchetta), “salame”, “guanciale”, “speck”, na “strutto”, ambayo ni mafuta yake yaliyoyeyushwa. Kabla ya kuonja mchuzi usiojua umetoka wapi uliza “c'è maiale?”, na kwa sababu sosi nyingi hutiwa mvinyo, uliza pia “c'è vino?”.

“Caldo” ni moto. Anayejua Kiingereza husikia baridi, na hutakuwa wa mwisho kudanganywa na sauti hiyo. Baridi ni “freddo”. Bomba lililotoka Italia lenye herufi C hutoa maji ya moto, na lenye F ya baridi. “Burro” ni siagi, “sale” ni chumvi, hata kama jirani yako anaitwa Saleh. Signora akisema “manca il sale”, chumvi imepungua. Mpunga, mchele na wali kwao vyote ni “riso”, basi akikuagiza “riso” uangalie kama anatazama sufuria au gunia.

Pole ndiyo iliyo ngumu, maana neno moja lenye kazi zote za pole yetu sijaliona katika lugha hiyo. “Mi dispiace” hufaa pale penye habari mbaya, kama ugonjwa au mzigo uliopotea, lakini ukilisema kwa sababu ametoka safari au amefanya kazi nyingi, atakuuliza unamwomba radhi ya nini. Aliyejikwaa mwulize “si è fatto male?”, je, ameumia. Aliyerudi amechoka mwulize “è stanco?”, na kama ni mwanamke “è stanca?”, kisha umletee maji. Aliyefiwa huambiwa “condoglianze”. Anayekwenda kazini mwambie “buon lavoro”, ambayo ni kazi njema yetu, na hiyo, tofauti na pole, inaitikiwa kwa furaha.

SWALI: Binti yangu aliye shuleni anauliza kwa nini maduka ya Malindi yameandikwa Kiitaliano ilhali tulitawaliwa na Waingereza, na maneno hayo yote yanayoishia na “-eria” ni nini. (Mzazi, Ngomeni)

JIBU: Wewe unakaa palipoanzia sehemu kubwa ya habari hiyo. Baharini mbele ya Ngomeni ndiko ilikowekwa mitambo ya San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani. Kituo cha nchi kavu leo kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyeuongoza mradi huo. Nyuma ya wataalamu wakaja watalii, na nyuma ya watalii wakaja wenye mikahawa.

Mwambie binti yako kwamba “-eria” mara nyingi huonyesha mahali panapotengenezwa au kuuzwa kitu: “gelato” ni aiskrimu na “gelateria” ni duka lake, “pane” ni mkate na “panetteria” ni duka la mikate, “macelleria” (machelleria) ni bucha. Ajihadhari na “libreria”, ambayo ni duka la vitabu. Maktaba ni “biblioteca”. Na “camera” inayoandikwa kwenye vibao vya nyumba za wageni ni chumba cha kulala, haipigi picha.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne na nasema Kiitaliano kidogo nilichokiokota ufuoni. Nikitaka kwenda Italia kusoma au kuishi, nitahitaji cheti gani? (Kijana wa Malindi)

JIBU: Mwanangu, umahiri wa lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Vyeti vya Kiitaliano vinavyotambuliwa ni pamoja na CILS cha chuo kikuu cha wageni cha Siena, CELI cha chuo cha namna hiyo cha Perugia, na PLIDA cha jumuiya ya Dante Alighieri, iliyoanzishwa mwaka 1889. Kozi za vyuo vikuu zinazofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida hudai B2. Mtu aliyekwisha kuishi huko na anayetaka kibali cha ukaazi wa muda mrefu huulizwa A2, na anayeomba uraia huulizwa B1, sharti lililowekwa mwaka 2018. Nairobi ipo Taasisi ya Utamaduni wa Italia, na huko ndiko pa kuulizia masomo na mitihani, si kwa wakala aliyekufuata barazani.

Kiitaliano cha ufuoni kitakusaidia kusikia na kujibu haraka, jambo ambalo wanaojifunza vitabuni hulikosa kwa muda mrefu. Hata hivyo kina “tu” kila mahali na hakina maandishi. Anza kwa kuandika aya fupi kila jioni juu ya siku yako, umpe mtu anayejua akusahihishe.

SWALI: Ninauza samaki karibu na gati. Mteja wa Kiitaliano hushika samaki na kuuliza “quanto pesa?”. Mimi nasikia pesa, namtajia bei, “milleseicento”, naye hushtuka na kucheka. Nimekosa nini? (Muuza Samaki, Malindi)

JIBU: Anakuuliza uzito, mama. “Pesa” kwao hutoka katika kitenzi “pesare”, kupima uzito, na wewe umemwambia kwamba samaki huyo ana kilo elfu moja na mia sita. Bei huulizwa kwa “quanto costa?”, au “quanto viene?”, na jumla ya vyote ni “quant'è?”.

Kilo moja ni “un chilo” (kilo, kama yetu), mbili “due chili”, nusu kilo “mezzo chilo”, kilo moja na nusu “un chilo e mezzo”. Lipo neno jingine wanalolipenda sokoni ambalo huwachanganya wauzaji wengi: “un etto” ni gramu mia moja, kwa hiyo anayetaka “tre etti” za kamba anataka gramu mia tatu, chini ya nusu kilo, si kilo tatu. Kamba ni “gamberi”, kambakoche ni “aragosta”, pweza “polpo”, ngisi “calamari”, kaa “granchio” (grankio), jodari “tonno”.

Atakapomgeuza samaki na kumtazama mashavu, mwambie “è fresco, pescato stamattina”, ni mbichi, amevuliwa asubuhi hii, iwapo ni kweli. Kumwuliza kama umpae magamba na kumtoa matumbo sema “glielo pulisco?”, na hiyo “glie” itamke kwa ulimi ulioinuka kama anayetaka kusema lye. Atasema “troppo caro”, ghali mno, hata kama si ghali, kwa sababu rafiki yake amemfundisha kusema hivyo Malindi. Punguza ulichokwisha kukipanga moyoni, kisha sema “ultimo prezzo” na unyamaze. Akijibu “lo prendo”, amemchukua. Mpime mbele ya macho yake, umtajie uzito kwanza na bei baadaye, “due chili, milleseicento”, ndipo umfungie.